Kuzipa Motifu za Ngano Majina Yanayoeleweka: Mwongozo kwa Wakusanyaji wa Arua na Koboko

Motifu ni kipande cha hadithi kinachoweza kutoka katika ngano moja na kuingia katika nyingine bila kupoteza umbo lake: mnyama mdogo anayewavutisha kamba wakubwa wawili, yatima anayetumwa kuleta kitu kisichopatikana, ndugu wanaoachana mtoni. Msimulizi hana haja ya kukipa jina kipande hicho. Yeye anakisimulia, na wasikilizaji wanakitambua mara moja. Jina huhitajika pale hadithi inapoandikwa, inaporekodiwa kwa ajili ya redio au inapofundishwa darasani, kwa sababu siku nyingine mtu mwingine atataka kuitafuta na kuilinganisha na hadithi za kwao.

Katika Arua na Koboko haja hiyo ni kubwa kuliko sehemu nyingi za Uganda. Arua, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2020, imezungukwa na Walugbara. Koboko, wilaya tangu 2005, ni mji wa Wakakwa. Kusini, upande wa Nebbi na Pakwach, kuna Waaluri. Upande wa Moyo na Adjumani kuna Wamadi. Yumbe kuna Waaringa. Na katika miji yote miwili kuna Wanubi wenye lugha yao iliyotokana na Kiarabu. Lugha hizi si za ukoo mmoja. Kilugbara na Kimadi ni ndugu, lakini Kialuri ni tawi la Kiluo, na Kikakwa kinakaribiana na Kibari cha Sudan Kusini. Mpaka wa Kongo uko karibu, na wa Sudan Kusini pia. Lobule, katika wilaya ya Koboko, inapokea wakimbizi kutoka Kongo, na makambi ya Rhino Camp na Imvepi yana watu wengi kutoka Sudan Kusini. Hadithi zinavuka mipaka hii yote kwa miguu ya watu, na kila zinapovuka zinabadilisha majina ya wahusika, ya wanyama na ya mito.

Kiswahili kinafaa kuwa lugha ya majina ya motifu hapa kwa sababu si lugha ya ukoo wowote wa eneo hili. Kilifika kwa jeshi na kwa biashara, na hadi leo kinasikika sokoni Arua pamoja na Kilingala cha wafanyabiashara wa Ariwara. Shuleni nacho kinazidi kupata nafasi: mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu 2007 madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi yanafundishwa kwa lugha ya eneo, na hiyo ndiyo sababu walimu wengi wanakusanya ngano za Kilugbara na za Kikakwa kwa ajili ya kusomesha. Ngano ibaki katika lugha yake. Jina la motifu ndilo liwe la Kiswahili, ili mwalimu wa Koboko aweze kuipata ngano ya Pakwach bila kujua Kialuri.

Jina litaje tendo

Mfano ulio tajiri kuliko yote katika eneo hili ni hadithi ya mkuki na ushanga. Waacholi huisimulia kwa majina ya Gipir na Labongo. Kwa Waaluri, Gipir ni Nyipir. Katika masimulizi mengi tembo anaingia shambani, na ndugu mmoja anachukua mkuki ulio karibu, ambao ni wa nduguye, anamchoma nao. Tembo anakimbia na mkuki mwilini. Mwenye mkuki anakataa fidia ya kila aina. Anataka mkuki wake uleule. Aliyeupoteza anasafiri hadi nchi ya tembo, anaupata kwa mwanamke mzee, na anarudi nao pamoja na shanga alizopewa huko. Siku moja mtoto wa mwenye mkuki anameza ushanga mmoja, na sasa mwenye ushanga anadai ushanga uleule, si mwingine. Mtoto anapasuliwa tumbo. Ndugu wanaachana kwenye mto Nile, mahali paitwapo Pubungu karibu na Pakwach, palepale ambapo mabasi ya Kampala huvuka daraja kuja Arua.

Mkusanyaji anayetaka kuipa hadithi hii jina huwa na majibu mengi ya haraka, na karibu yote yana kasoro. "Gipir na Labongo" ni jina la hadithi, si la motifu. Anayeisimulia kwa majina mengine hataipata chini yake. "Mkuki na ushanga" hutaja vitu, nalo linaeleweka kwa yule tu ambaye tayari anaijua hadithi. "Ugomvi wa ndugu" ni pana mno: litakusanya Kaini na Habili, Yusufu na kaka zake, na nusu ya kesi za mashamba zilizomo katika ngano za Arua. "Ubaya wa kisasi" ni hukumu ya msikilizaji, na msikilizaji mwingine anaweza kuona kwamba mwenye ushanga alitenda haki.

Kinachobaki baada ya kuondoa majina ya watu, vitu na hukumu ni tendo: mtu anakataa fidia na kudai kitu kilekile kilichopotea. Basi jina ni "Kudai kitu kilekile". Ni maneno matatu ya kawaida, na yeyote aliyewahi kukopesha kitu anayaelewa.

Ubora wa jina hilo unaonekana linapopelekwa mbali. Katika Kojiki, kitabu cha Japani cha mwaka 712, Hoori anaazima ndoana ya kaka yake Hoderi na kuipoteza baharini. Anavunja upanga wake na kutengeneza ndoana 500 za kulipia, lakini kaka anazikataa na kutaka ndoana yake ya kwanza. Hoori anashuka hadi jumba la mungu wa bahari kuitafuta. Hakuna mkuki, hakuna tembo wala Mto Nile, lakini "Kudai kitu kilekile" linaikaa hadithi hiyo barabara. "Mkuki na ushanga" lingeiacha nje.

Ulinganisho huo unafundisha jambo jingine. Kisa cha Japani hakimalizikii kwa dai la pili. Hoori anapewa na mungu wa bahari uwezo wa kuongoza maji kujaa na kupwa, na kwa huo anamtiisha kaka yake. Kwa hiyo dai la mkuki na dai la ushanga ni motifu mbili, hata kama kwa Waaluri na Waacholi zinasimuliwa kwa pumzi moja. Hadithi ya Pubungu inakatwa vipande vinne: "Kudai kitu kilekile", "Kwenda nchi ya wanyama kutafuta kilichopotea", "Dai kumrudia mdai" na "Ndugu kuachana mtoni". Kila kipande kina maisha yake. Cha mwisho, kwa mfano, kinapatikana katika hadithi nyingi za kuhama ambazo hazina mkuki wowote. Anayevifungia vyote katika jina moja anawanyima wengine nafasi ya kuona ni kipande kipi kilichosafiri na kipi kilichobaki nyumbani.

Motifu si dhamira, wala si ngano nzima

Makosa mengi ya majina hutokana na kuchanganya mambo matatu. Dhamira ni jambo ambalo hadithi inalizungumzia: wivu, tamaa, utii, ukarimu. Ngano nzima ni mpangilio wa matukio tangu mwanzo hadi mwisho. Motifu iko katikati: ni kubwa kuliko neno moja na ndogo kuliko hadithi.

Kwa Walugbara wivu ni jambo zito. Neno lao *ole* hubeba wivu na uchungu wa moyo, nalo linahusishwa na uchawi. Mkusanyaji atakayeandika "Wivu" kama jina la motifu atajikuta na rundo la hadithi zisizofanana hata kidogo: mke mwenza anayetia kitu chunguni, jirani anayelaani shamba, mzee anayechukia kijana mwenye ng'ombe wengi. Hizo ni motifu tatu, kila moja na tendo lake. "Wivu" liandikwe kwenye nafasi ya dhamira, na motifu ziitwe "Kutia dawa chunguni", "Kulaani shamba la jirani" na kadhalika.

Wataalamu wa nchi za Ulaya na Marekani waliitenganisha motifu na ngano nzima zamani. Antti Aarne wa Finland alichapisha orodha ya aina za ngano mwaka 1910. Stith Thompson wa Marekani aliipanua 1928 na tena 1961, na Hans-Jörg Uther akaitengeneza upya 2004. Kwa motifu, Thompson alitoa faharasa nyingine iliyotoka kati ya 1932 na 1936, kisha ikapanuliwa kuwa juzuu sita kati ya 1955 na 1958. Humo kila motifu ina herufi na namba: A kwa asili ya ulimwengu, B kwa wanyama, K kwa hila, na kuendelea hadi Z. Namba hizo zina manufaa kwa mtafiti, na zinafaa kuandikwa pembeni pale zinapojulikana kwa uhakika. Hata hivyo hazichukui nafasi ya jina, maana hakuna mzee wa Maracha atakayesimulia hadithi akiombwa F525.

Kwa upande wa Kiswahili, msamiati wa kazi hii uko tayari. *Kamusi ya Fasihi* ya K. W. Wamitila, iliyotoka Nairobi mwaka 2003, inaeleza istilahi nyingi ambazo mwalimu anazihitaji. Maneno kama kisasili na kisakale hata hivyo hayajulikani sana na wazungumzaji wa kawaida wa West Nile, yaani eneo hili. Yabaki kwenye maelezo ya mtafiti, yasiingie katika jina la motifu.

Methali na majina ya kuazima

Mwandishi wa Kiswahili hushawishika kutumia methali. "Mchimba kisima huingia mwenyewe" linaonekana jina zuri kwa kisa cha fisi anayenaswa na mtego wake. Tatizo ni kwamba methali hutoa funzo, na funzo moja hukaa juu ya matukio kumi. Linamfaa fisi, linamfaa pia mwenye mkuki wa Pubungu, na linamfaa mama wa kambo anayekula sumu aliyompikia yatima. Anayetafuta kisa cha mtego atalazimika kupitia vyote. "Kunaswa na mtego wako mwenyewe" halina utamu wa methali, lakini hutaja kinachotokea.

Kibaya zaidi ni kuazima jina la hadithi maarufu ya nje. Ngano ya yatima wa Kilugbara ikiitwa "Sinderela", kila msomaji ataanza kutafuta kiatu, dansi na mwana wa mfalme. Yatima wa West Nile huenda akapata heshima kwa njia nyingine kabisa: kwa kumtunza bibi kizee mwenye vidonda, au kwa kujibu kwa adabu alipoulizwa njiani. Hiyo ni motifu ya "Kumtendea wema mzee asiyejulikana", ambayo imeenea dunia nzima na mara nyingi huja na mwenzake, "Mwenye kiburi kufuata njia ileile na kuadhibiwa". Jina la kuazima limefunika tendo lake na kuliweka la mwingine mbele.

Hata majina mazuri ya vitabu hayapaswi kugeuzwa majina ya motifu. Okot p'Bitek aliuita mkusanyiko wake wa ngano za Kiacholi wa mwaka 1978 *Hare and Hornbill*, yaani sungura na hondohondo, na kwa kitabu jina hilo linavutia. Kwa motifu lisingefaa, kwa kuwa halielezi wanyama hao walitendeana nini.

Wanyama na hila zao

Sungura yuko katika ngano za karibu kila lugha ya eneo hili, na kwa hiyo "Sungura mjanja" ndilo jina linaloandikwa mara nyingi kuliko yote. Ni jina la mhusika tu, tena halina uhakika, kwa sababu sungura huyohuyo hushindwa na kobe. Hila ndizo zenye majina. Chache zilizoenea sana katika Afrika Mashariki zinaonyesha jinsi ya kuzitaja.

Mdogo anamwambia tembo kwamba anaweza kumvuta kwa kamba, kisha anamwambia kiboko vivyo hivyo, na wawili hao wanavutana bila kuonana: "Kuwavutisha kamba wakubwa wawili". Mwenye mwendo wa polepole anawapanga ndugu zake njiani, na kila mkimbiaji mwenye kasi anapoita anajibiwa kutoka mbele: "Kushinda mbio kwa kupanga ndugu njiani". Mwizi wa maji au wa mazao anagandamana na sanamu iliyopakwa ulimbo: "Kunaswa na sanamu ya ulimbo". Mnyama aliyechukuliwa ili moyo wake uliwe anasema ameuacha nyumbani: "Kudai moyo umeachwa nyumbani". Hiyo ya mwisho iko katika kisa cha punda wa dobi, kimojawapo cha visa vya Zanzibar alivyovichapisha Edward Steere mwaka 1870, ambapo kima anamdanganya papa; ilishasimuliwa India karne nyingi kabla. Huko Pwani ni papa, ziwani au mtoni huenda akawa mamba. Kwa kuwa jina halikumtaja mnyama yeyote, hakuna kinachoharibika.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama mnyama aingie katika jina. Akibadilishwa na mwingine na hadithi ikasimama vilevile, asiingie. Akiwa na sifa inayobeba tukio lenyewe, kama vile gamba la kobe linalopasuka na kuungwa, basi ni lazima atajwe: "Kupasuka kwa gamba la kobe".

Kipimo hichohicho kinatumika kwa vitu. Kwa Wadinka mbingu na dunia ziliunganishwa kwa kamba, na ndege akaikata. Makabila mengine yanasema palikuwa na mti, ngazi au mnyororo. Jina la jumla liwe "Kukatika kwa njia ya mbinguni", na chombo kiandikwe chini yake: kwa kamba, kwa mti, kwa mnyororo.

Hadithi za asili na heshima ya wenyewe

Sehemu hii inahitaji uangalifu kuliko nyingine zote, kwa sababu hapa jina baya linaweza kuumiza watu walio hai. Walugbara wengi hufuatisha koo zao hadi kwa mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Jaki anahusishwa na mlima Liru, karibu na Koboko; Dribidu anahusishwa na mlima Wati, upande wa Terego. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya dini ya Walugbara mwaka 1960, aliandika masimulizi yao kwa kina. Dribidu alikuwa na manyoya mwili mzima. Alikula watoto wake, akagunduliwa, akafukuzwa kutoka ng'ambo ya mashariki ya Nile. Kila shujaa alimkuta mwanamke mwenye ukoma, ambaye alikuwa na moto, na shujaa akamponya. Kutokana na muungano wao koo zilizaliwa.

Mkusanyaji mwenye haraka ataandika "Babu mla watu", "Uzinzi wa mashujaa" au "Ushirikina wa asili". Hayo ni matusi yaliyovaa nguo za kitaalamu. Familia itakaposoma kadi ya hadithi iliyoandikwa hivyo, au itakapoisikia redioni, haitasikia istilahi. Itasikia babu yao akitukanwa. Mzee aliyesimulia atakataa kusimulia tena, na atakuwa na haki.

Majina yanayofaa yapo, na hayafichi chochote. "Mwanzilishi wa ukoo kufukuzwa kwao" linataja tukio ambalo lipo katika hadithi za asili za watu wengi. "Mwanzilishi mwenye mwili wa manyoya" linataja sifa bila kuihukumu. "Kula watoto wake mwenyewe" linaweza kuandikwa, maana ndivyo hadithi inavyosema na Wagiriki wanasimulia hivyohivyo juu ya Kronos; kosa ni kuligeuza tendo kuwa cheo cha mtu. Kwa kisa cha moto, "Kupokea moto kwa mwanamke mgonjwa" na "Shujaa kumponya mgonjwa anayemwoa" yanatosha.

Neno "mkoma" lisiandikwe. Liandikwe "mwenye ukoma", na hilo si suala la adabu tu. Kuluva, nje kidogo ya Arua, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1941 iliwatunza wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Watoto na wajukuu wa watu waliotibiwa huko wanaishi katika vijiji vilevile vinavyosimulia hadithi ya Jaki, na wana haki ya kuisikia bila kuumizwa.

Viumbe wa kutisha nao wana hatari yao. Walugbara wanasimulia juu ya *adro*, kiumbe mrefu mweupe aishiye mitoni na porini, mwenye nusu tu ya mwili: jicho moja, sikio moja, mkono mmoja, mguu mmoja. Neno la haraka la Kiswahili ni "shetani" au "jini", na yote mawili ni makosa. Katika eneo lenye Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu wengi, "shetani" linamhamisha adro kutoka mtoni na kumweka katika mahubiri, wakati kwa Walugbara jina lake linahusiana na jina la Mungu mwenyewe. "Zimwi" nalo linaleta picha ya jitu la ngano za Pwani. Jina lililo salama ni "Kiumbe wa nusu mwili". Linaeleza kinachoonekana, na linamkutanisha adro na nasnasi wa visa vya Kiarabu, ambaye naye ana nusu ya mwili. Hiyo ndiyo F525 ya Thompson. Jina la Kilugbara libaki kwenye kadi, mbele ya la Kiswahili.

Umbo la jina

Kiswahili cha magazeti kinapenda vichwa kama "Ndugu waachana" au "Njia yakatika". Umbo hilo halitumiki sana katika mazungumzo ya Arua, na wengine hulisoma vibaya. Inafaa zaidi motifu ya tukio ianze na kitenzi chenye *ku-*, au iwe nacho katikati: "Kudai kitu kilekile", "Ndugu kuachana mtoni". Umbo la *ku-* halihitaji upatanisho mgumu wa ngeli, jambo ambalo wazungumzaji wengi wa Kiswahili cha Uganda na cha Kongo hulikwepa, na linapangika vizuri katika orodha. Motifu ya mhusika ianze na nomino: "Kiumbe wa nusu mwili", "Mtoto anayeongea tumboni". Motifu ya kitu nayo ianze na nomino: "Ngoma inayotaja mwizi". Mtindo mmoja ukichaguliwa, ufuatwe hadi mwisho.

Maneno matatu hadi sita yanatosha. Likipita sita, mara nyingi kuna motifu mbili ndani yake. Vivumishi vya hukumu, yaani -baya, -katili, -jinga, viondolewe kwanza. Visipoacha pengo, havikuwa na kazi. "Mama wa kambo mkatili" likiondolewa "mkatili" linabaki tupu, na hapo mkusanyaji anatambua kwamba hakuwa ametaja tendo. Alifanya nini? Alimtuma mtoto kuchota maji kwa kikapu. Basi ni "Kutumwa kazi isiyowezekana", na mama wa kambo anaandikwa kama mtendaji wa toleo hilo.

Kulijaribu jina kabla ya kulikubali

Jina hujaribiwa kwa watu. Jaribio la kwanza ni la kwenda: mtu aliyeisikia hadithi anasomewa majina matatu au manne na kuulizwa lipi linaifaa. La pili ni la kurudi, nalo ni kali zaidi: mtu ambaye hajaisikia anapewa jina peke yake na kuombwa asimulie hadithi yoyote anayoijua yenye jambo hilo. Mkakwa akipewa "Kudai kitu kilekile" na akasimulia kisa kingine cha jembe au cha chungu kilichodaiwa hivyo, jina limefaulu, na mkusanyaji amepata toleo jipya. Akiuliza "kitu gani?", jina bado linategemea hadithi moja.

Wanaojaribiwa watoke pande tofauti. Mfanyabiashara anayeongea Kiswahili cha Kongo, mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili darasani na mzee aliyekipata jeshini hawaelewi maneno yaleyale. Neno linalowashinda wawili kati yao libadilishwe, hata kama liko katika kamusi. Na aliyesimulia asikilize jina kabla halijaandikwa kwa wino. Akilikataa, aulizwe angependa nini, kwa kuwa mara nyingi anachosema kwa lugha yake ni kizuri kuliko kilichobuniwa mezani.

Kadi ya kila hadithi iwe na jina ambalo msimulizi mwenyewe alilitumia, kwa lugha yake, juu kabisa. Kisha motifu zake kwa Kiswahili, kila moja katika mstari wake. Kisha lugha, kijiji na mwaka. Jina la msimulizi liandikwe kwa idhini yake tu. Chini yake ziwekwe tofauti: mnyama gani, chombo gani, mto upi, nani alishinda. Tofauti hizo ndizo zinazoeleza mahali ngano ilipopitia, na kamwe zisifutwe ili kadi ifanane na nyingine.

Majina yatabadilika kadiri mkusanyiko unavyokua. Motifu mbili zikionekana kuwa moja, ziunganishwe chini ya jina lililo pana zaidi. Moja ikibeba hadithi zisizofanana, igawanywe. Jina lililoachwa libaki katika orodha likiwa na neno "tazama" na jina jipya mbele yake, kwa sababu kuna walimu walioliandika katika madaftari yao na vipindi vya redio vilivyotangazwa kwa jina hilo. Tarehe ya mabadiliko iandikwe, pamoja na sababu yake kwa sentensi moja.

Pale ambapo hakuna makubaliano kabisa, kama inavyotokea kwa hadithi za asili ambazo koo mbili zinazisimulia kwa kupingana, majina mawili yaandikwe bega kwa bega, kila moja na ukoo wake. Si kazi ya orodha ya motifu kuamua nani alifika kwanza kwenye mlima Liru.